Mtoto njiti kifuani: mwongozo kamili wa kangaruu, kutoka wodini mpaka nyumbani

Wazazi wengi wa watoto njiti huniambia, "Kangaruu tulifanya, lakini uzito haupandi." Nikiwauliza walifanya kwa muda gani, jibu huwa lilelile: saa moja asubuhi, pengine nusu saa jioni, kisha mtoto akarudishwa kitandani na blanketi tatu juu yake. Huko ni kumpakata mtoto. Kangaruu ni kumfunga mtoto kifuani, ngozi kwa ngozi, kwa saa nyingi za siku. Kupakata ni kuzuri, ila mtoto wa kilo moja na nusu anahitaji zaidi ya hapo ili aishi.

Mwongozo huu ni wa mtoto aliyezaliwa kabla ya wiki 37 au mwenye uzito chini ya kilo 2.5, hasa aliye chini ya kilo 2, ambaye bado yuko kwenye chumba cha uangalizi maalumu wa watoto wachanga (chumba cha joto, au nasari kama wanavyosema Kenya), au ameruhusiwa juzijuzi. Umeandikwa kwa ajili ya mama, lakini nusu ya kazi iliyomo ni ya watu wanaomzunguka. Baba, bibi, shangazi na wifi wausome pia.

## Vitu vya kuandaa kwanza

Kanga au vitenge vitatu vilivyokwisha kufuliwa mara nyingi. Doti mpya ina ugumu wa dukani, huteleza na haimshiki mtoto. Ya zamani hulainika na kufuata mwili.

Shati au blauzi inayofunguka mbele. Dera halifai kwa sababu halifunguki kifuani. Shati la baba linafaa sana.

Kofia mbili, soksi jozi mbili, nepi ndogo. Nepi za kitambaa zikatwe zitoshe kiuno cha mtoto. Nepi kubwa inayofika kifuani inakula nafasi ya ngozi kugusana na ngozi.

Kipimajoto cha dijitali cha kwapani. Kinapatikana kwenye duka la dawa. Kama fedha inatosha kitu kimoja tu cha kununua, nunua hiki.

Kikombe kidogo kisicho na mshikio, kama kile cha kahawa cha barazani, chenye ukingo laini usio na ufa. Hiki ndicho cha kumlishia mtoto.

Bakuli au jagi lenye mdomo mpana na mfuniko la kukamulia maziwa, bomba la sindano la mililita 10 bila sindano yake kwa kupimia, mito mitatu, sabuni, na daftari lenye kalamu.

Chupa za kunyonyeshea, chuchu bandia, poda na mafuta ya manukato viacheni dukani. Chupa ni ngumu kusafisha vizuri, na mtoto mdogo anayekunywa kwa chupa maziwa humjia kasi akapaliwa. Maziwa ya kopo yasinunuliwe mpaka daktari aseme.

## Hatua ya 1: Zungumza na muuguzi kabla ya kumgusa mtoto

Watu huogopa mirija. Mtoto mwenye mrija wa kulishia puani, mwenye dripu, hata anayepewa oksijeni, mara nyingi anaweza kuwekwa kifuani. Lakini kumtoa kitandani akiwa na mirija ni kazi ya watu wawili, na mmoja wao awe muuguzi. Anayesubiri ni yule asiyeweza kupumua bila mashine ya kumpumulia, au aliye kwenye degedege. Mtoto aliye chini ya taa ya bluu kwa sababu ya manjano hutolewa kwa muda anaopanga muuguzi.

Uliza mambo manne, na uandike majibu: alizaliwa na uzito gani na leo ana uzito gani, ana wiki ngapi tangu mimba, analishwa kiasi gani, kwa njia gani na kila baada ya saa ngapi, na je, kuna wakati anasita kupumua? Jibu la hili la nne ni mojawapo ya yanayoamua kama mtoto yuko tayari kwenda nyumbani, kwa hiyo usione aibu kuliuliza kila siku.

Kama mama amefanyiwa upasuaji au presha bado iko juu, kangaruu haingoji apone. Baba aanze, au bibi. Mtoto hupata joto lilelile kwenye kifua cha yeyote aliye safi na mzima.

## Hatua ya 2: Panga watu, ndipo ufunge kanga

Hapa ndipo familia nyingi zinaposhindwa, na ndipo ninapotaka msomaji atulie zaidi.

Mwaka 2021 yalitangazwa matokeo ya utafiti wa Shirika la Afya Duniani uliofanyika katika hospitali tano za Ghana, India, Malawi, Nigeria na Tanzania, ya kwetu ikiwa Dar es Salaam. Walichukuliwa watoto wa kilo 1 hadi chini kidogo ya kilo 1.8. Kundi moja liliwekwa kifuani mara tu baada ya kuzaliwa, likakaa hapo karibu saa 17 kwa siku. Kundi lingine lilisubiri hali itulie kwanza kama ilivyozoeleka, na katika siku hizo za mwanzo likapata kama saa moja na nusu tu kwa siku. Katika siku 28 za kwanza, kundi la pili lilipoteza karibu watoto 16 katika kila 100. La kwanza lilipoteza 12. Utafiti ulisimamishwa kabla ya muda wake, kwa kuwa tofauti ilikuwa wazi na haikuwa haki kuendelea kuwacheleweshea wengine. Mwaka uliofuata, shirika hilo likapendekeza kangaruu ya saa 8 hadi 24 kwa siku kwa kila mtoto njiti au mwenye uzito pungufu.

Sasa piga hesabu. Mama aliyejifungua juzi, ambaye anakamua maziwa kila baada ya saa tatu, anakwenda chooni, anakula, anaoga, anafua nepi na kupokea wageni, atazitoa wapi saa 17? Hawezi. Saa hizo zinatoka kwa watu wengine. Familia inayomwachia mama kila kitu imeshaamua kwamba mtoto atapata saa tatu.

Kaeni chini mgawane zamu. Mfano unaofanya kazi: mama anachukua usiku kucha mpaka asubuhi, shangazi au bibi anachukua saa 4 asubuhi mpaka saa 7 mchana, mama aoge, ale na alale, mama anarudi alasiri, baba akitoka kazini anaoga na kuchukua saa 1 mpaka saa 4 usiku. Mtu wa nne hambebi mtoto kabisa. Yeye anapika, anafua na kuchota maji. Msimdharau huyu, kwani bila yeye zamu za wengine huvunjika siku ya tatu.

Pwani tuna arobaini, zile siku arobaini za uzazi, na desturi hii ni mtaji. Mama amekaa ndani, wanawake wa nyumba wanamhudumia. Nguvu inayotumika kumkanda mzazi na kumpikia uji igawanywe, sehemu iende kwenye zamu za kifua.

Kama wodi ya kangaruu hairuhusu wanaume usiku, au inaruhusu ndugu mmoja tu, ulizeni utaratibu mapema na mpange mnavyoweza. Mmefanikiwa mkiwa na karatasi yenye majina na saa, na jumla yake haipungui 12.

## Hatua ya 3: Andaa mwili na chumba

Anayembeba awe ameoga, nguo zake safi, kucha fupi, mikono imeoshwa kwa sabuni mpaka viwikoni. Asiwe na kikohozi, mafua, jipu au upele kifuani. Mvutaji sigara asibebe.

Vua sidiria, mikufu, na chochote chenye ncha. Usijipake manukato wala mafuta kifuani, maana mtoto anatafuta ziwa kwa kunusa.

Chumba kiwe na joto la kumtosha mtu mzima aliyevaa nguo nyepesi bila kuona baridi. Dar au Mombasa hilo si tatizo, zima tu feni inayompulizia mtoto. Njombe, Mbeya, Lushoto au Limuru, fungeni madirisha ya upande wa upepo.

Onyo zito: jiko la mkaa lisiingizwe chumbani kwa sababu yoyote ile. Hewa ya mkaa haina harufu wala rangi, na inaua mama na mtoto wakiwa wamelala. Chupa ya maji ya moto pembeni ya mtoto nayo imeunguza ngozi nyingi nyembamba.

## Hatua ya 4: Kumweka na kumfunga

Hatari kubwa ya kangaruu iko kwenye shingo. Njia ya hewa ya mtoto huyu ni laini sana. Kidevu kikilala kifuani hewa inazibika, na yeye hana nguvu ya kukinyanyua. Kwa hiyo fanya taratibu, na mara za kwanza uwe na mtu wa kukusaidia.

1. Kaa umeegemea, mgongo umelala nyuma kiasi, mto nyuma ya kiuno. Fungua shati.

2. Mtoto abaki na nepi, kofia na soksi tu. Kofia inamkinga kwa sababu kichwa ni sehemu kubwa ya mwili wake, na joto jingi linapotelea hapo.

3. Mkono mmoja ushike shingo na mgongo wa juu, kidole gumba na cha shahada vikiwa chini ya taya. Mkono wa pili ushike makalio. Mlete kifuani akiwa wima, katikati ya matiti, kifua kwa kifua.

4. Geuza kichwa upande mmoja, shavu lilale kwenye ngozi yako. Inua kidevu kidogo tu, pua ielekee nje. Kisikunjwe mbele, kisitupwe nyuma.

5. Kunja miguu yake ikae kama ya chura, magoti juu na nje, na mikono ikunjwe pande zote mbili za kifua chako. Tumbo lake likae juu kidogo ya kitovu chako, chini ya mbavu. Pumzi zako zitamtikisa hapo na kumkumbusha apumue.

6. Kunja kanga katikati kwa urefu. Weka kati yake mgongoni kwa mtoto, ukingo wa juu ufike chini ya sikio lake. Pitisha ncha mbili chini ya makwapa yako, zipishane mgongoni, zirudi mbele, na fundo likae chini ya makalio ya mtoto ili asiteleze.

7. Kaza zaidi sehemu ya kifuani kwake, acha tumboni pana nafasi. Anapumua kwa tumbo, ukilibana unamnyima hewa.

8. Funga shati juu, na kama kuna baridi ongeza kanga ya pili inayozunguka nyote wawili.

Sasa jaribu. Weka mkono chini ya makalio yake na usimame polepole. Asishuke hata kidogo. Inama kidogo mbele: kichwa kisitikisike wala kutoka nje ya kanga. Angalia uso, unapaswa kuiona pua yote na mdomo. Ingiza vidole viwili kati ya kanga na mgongo wake, viingie bila kulazimisha.

Mmefanikiwa mkiona vitu hivi ndani ya dakika kama ishirini: ngumi zinafunguka, sura iliyokunjamana inalainika, pumzi inakuwa ya mwendo mmoja, na unyayo uliokuwa wa baridi unakuwa na joto sawa na tumbo lake. Wengi hulala. Kwenye wodi zenye mashine ya kupima oksijeni, mara nyingi utaona namba imetulia kuliko ilivyokuwa kitandani.

## Hatua ya 5: Kuishi naye kifuani

Kila awamu isipungue saa moja. Kumtoa na kumrudisha mara kwa mara kunamchosha na kumpotezea joto, na unarudi nyuma.

Lala chali ukiwa umeinuka kwa mito, mgongo na kichwa juu kuliko miguu. Usilale bapa, usilale kifudifudi. Tembea, kaa, soma, sali, zungumza naye. Usipike naye kifuani, usichote maji, usipande bodaboda. Chai ya moto inyweke mtoto akiwa kwa mwenzako.

Kwenye kupokezana zamu, mpokeaji awe tayari ameketi, shati limefunguliwa, ndipo mtoto atoke. Nepi ibadilishwe haraka. Nepi iliyoloa huchukua joto lote mlilohangaikia.

Andika saa ya kuanza na ya kumaliza kila zamu. Mtu akikadiria kichwani, saa tano humwonekea kumi.

## Hatua ya 6: Kukamua maziwa

Mtoto aliyezaliwa kabla ya wiki ya 32 hivi hawezi bado kupanga kunyonya, kumeza na kupumua. Kwa hiyo matiti yanadanganywa kwamba mtoto yupo, kwa mikono. Yasipokamuliwa, mwili unaelewa kwamba maziwa hayahitajiki na unayakausha.

Anza saa za kwanza baada ya kujifungua. Siku ya kwanza utapata matone machache ya dang'a, ya manjano, mazito. Usiyadharau wala kuyamwaga. Yavute kwa bomba la sindano, yapelekwe kwa mtoto. Hata kama bado halishwi, muuguzi anaweza kumpaka ndani ya mashavu. Dang'a ina kinga ambayo hakuna duka linaloiuza.

Kamua mara 8 au zaidi kwa saa 24, mara moja angalau ikiwa kati ya saa 6 usiku na saa 11 alfajiri. Zamu ya usiku ndiyo inayoachwa, na ndiyo inayoshikilia wingi wa maziwa.

Namna ya kukamua:

Osha mikono. Kaa vizuri, mtoto akiwa kifuani au karibu. Kanda titi kwa mzunguko, kutoka pembeni kuja katikati, dakika moja au mbili. Weka kidole gumba juu ya chuchu na cha shahada chini yake, nyuma ya chuchu kiasi cha upana wa vidole viwili. Sukuma kwanza kuelekea kifuani. Kisha bana vidole vikutane, halafu achia. Sukuma, bana, achia. Usivute chuchu na usiteleze vidole juu ya ngozi. Ukisikia maumivu, vidole viko mahali pasipo.

Mara za kwanza hakuna kitu kitakachotoka kwa dakika moja nzima. Endelea. Litaanza kudondoka tone, kisha tone, baadaye maziwa yatatoka kwa mchirizi. Zungusha vidole kushoto na kulia ili kila upande wa titi uguswe. Dakika tatu hadi tano titi moja, hamia la pili, rudi la kwanza, mpaka jumla ifike dakika 20 au 30. Maziwa hujaa kati ya siku ya tatu na ya tano.

Yakipungua, jibu la kwanza si supu ya pweza wala uji wa pilipili manga, ingawa kula vizuri ni lazima. Angalia daftari: umekamua mara ngapi jana? Umelala? Mtoto alikaa kifuani saa ngapi? Mara nyingi tatizo liko hapo.

Kutunza: maziwa yaliyokamuliwa yafunikwe. Kwenye chumba cha nyuzi 25 hudumu saa 4. Kwenye joto la Dar la Februari yatumie mara moja au yaweke kwenye friji, ndani kabisa, siyo mlangoni. Kwa mtoto mdogo namna hii, yaliyo kwenye friji yaishe ndani ya siku moja. Yapashe kwa kuweka kikombe ndani ya bakuli la maji ya moto, yasiwekwe jikoni yakachemka.

Mama anayeishi na VVU na anatumia dawa zake anaendelea kumpa mtoto maziwa yake kwa maelekezo ya kliniki, na mtoto apewe dawa ya kinga bila kuruka siku.

## Hatua ya 7: Kumlisha

Mtoto njiti halii njaa. Analala. Ukingoja alie ndipo umlishe, sukari ya mwili itashuka akiwa kimya. Mlishe kila baada ya saa 2 au 3, usiku na mchana, kwa saa ya ukutani.

Kwa mrija: muuguzi ahakikishe mrija uko tumboni kila mara kabla ya maziwa. Maziwa yashuke yenyewe kwa uzito wake, yasisukumwe. Wakati yanashuka, mtoto awe kifuani na mdomo karibu na chuchu, alambe akitaka.

Kwa kikombe: awe macho, amekaa wima kiasi, shingo imeshikwa. Ukingo wa kikombe uguse mdomo wa chini, inamisha mpaka maziwa yafike mdomoni, kisha ngoja. Yeye atatoa ulimi na kuramba. Usimmiminie. Kumiminia ndiko kunakopeleka maziwa mapafuni. Akisimama, na wewe simama, bila kukitoa kikombe.

Kiasi hupangwa na wodi kwa uzito na siku zake. Upate picha tu: mtoto wa kilo 1.5 aliyefikia mililita 160 kwa kilo kwa siku hunywa mililita 240 kwa siku, yaani 30 kila mlo akila mara nane. Ni vijiko viwili vya chakula. Siku za kwanza ni kidogo sana kuliko hapo, na kuongeza kwa pupa kunaweza kuumiza utumbo.

Kwa ziwa: kuanzia wiki ya 32 hadi 34 tangu mimba wengi huanza kunyonya kidogo kidogo. Mpe ziwa kwanza, kisha malizia kwa kikombe. Mlo wote usizidi nusu saa, ukizidi anatumia nguvu nyingi kuliko anayopata.

Asipewe maji, glukosi, maji ya zamzam, dawa ya tumbo ya dukani wala uji. Familia inayofanya tahniki, yaani kumlambisha mtoto mchanga tende au kitu kitamu, izungumze na muuguzi kwanza; asali haipewi mtoto wa chini ya mwaka mmoja, kwani inaweza kubeba vijidudu vya sumu asivyoweza kupambana navyo.

## Hatua ya 8: Pima, andika, linganisha

Joto. Kipimajoto kwapani, mkono ukishikiliwa ubavuni mpaka kilie. Kawaida ni 36.5 hadi 37.5. Pima asubuhi na jioni, na wakati wowote unapomwona tofauti.

Ikiwa ni 36.0 hadi 36.4: angalia nepi, badilisha kofia yenye unyevu, mrudishe kifuani na asitolewe tena, mlishe, pima tena baada ya saa moja. Isipopanda, au ikiwa chini ya 36, nendeni hospitali naye akiwa kifuani. Ikizidi 37.5: punguza vitambaa vya nje, pima baada ya nusu saa. Ikibaki juu ni homa, na homa kwa mtoto huyu haingoji kesho.

Uzito. Siku za kwanza atapungua, mpaka kama asilimia 10. Hilo ni la kawaida. Kufikia wiki mbili awe amerudia uzito wa kuzaliwa, kisha apande karibu gramu 15 kwa kila kilo kwa siku. Mtoto wa kilo 1.5 apande gramu 20 hadi 25 kwa siku, kama gramu 150 kwa wiki. Tumieni mzani uleule, akiwa uchi, kabla ya mlo.

Uzito usiposogea siku tatu, fungua daftari kabla ya kuyalaumu maziwa ya mama. Hesabu saa za kifuani, hesabu milo ya usiku, tazama joto la alfajiri. Mtoto anayetumia chakula chake kujipasha joto hana cha kuongezea mwili. Kama yote hayo yako sawa, daktari atafute maambukizi na mengine.

## Hatua ya 9: Dalili za kukimbia nazo

Zibandike ukutani:

- Anasita kupumua, au midomo na ulimi vinageuka bluu.
- Anapumua zaidi ya mara 60 kwa dakika akiwa ametulia, mbavu zinaingia ndani, au anakoroma kila pumzi.
- Anakataa kula au amelegea, haamki hata ukimgusa.
- Mwili wa baridi usiopata joto, au homa.
- Degedege, hata kama ni mkono mmoja tu unaorukaruka.
- Tumbo limevimba na kukaza, anatapika kijani, au choo kina damu.
- Manjano yamefika viganjani na kwenye nyayo.
- Kitovu kinatoa usaha, au ngozi inayokizunguka ni nyekundu.

Akisita kupumua: nyoosha shingo kidogo, msugue mgongo kwa nguvu kiasi, mguse nyayo. Wengi hurejea hapo hapo. Ukiwa wodini, piga kelele uitiwe muuguzi huku ukiendelea kumsugua. Kabla ya kuruhusiwa, mwombe muuguzi akufundishe kwa vitendo namna ya kumpulizia pumzi mtoto asiyerejea, na baba naye afundishwe. Ni haki yenu kuomba.

## Hatua ya 10: Nyumbani

Usiombe kuruhusiwa kwa sababu ya nauli au msongamano wa kitanda kama haya hayajatimia: anakula vizuri bila mrija, uzito umepanda siku tatu mfululizo, joto linakaa sawa akiwa kifuani, na amepita siku kadhaa bila kusita kupumua. Kila wodi ina kiwango chake cha uzito, uliza chenu. Ondoka na tarehe ya kurudi ndani ya wiki ya kwanza.

Njiani abaki kifuani, ndani ya gari au bajaji.

Nyumbani kuna mambo machache tutayasema waziwazi, kwa heshima ya wazee. Udi na ubani visifukizwe chumba alimo. Moshi mtamu ni moshi vilevile, na mapafu haya hayajakomaa. Kitovu kiachwe kikavu, bila majivu, mate wala mafuta. Wanja usipakwe machoni. Asiogeshwe kwa kutumbukizwa majini mpaka muuguzi aseme. Afutwe kwa kitambaa cha maji ya uvuguvugu, sehemu kwa sehemu, na kukaushwa mara moja. Kunyoa nywele za siku ya saba kunaweza kusubiri akikua, zungumzeni na shehe wenu. Wageni watazame kutoka mlangoni, na anayempokea mtoto anawe kwanza. Bibi mwenye mafua apige simu.

Mama aliyeajiriwa Tanzania Bara aulize ofisa utumishi wake mapema: sheria za kazi zilizorekebishwa mwaka 2025 zinamwongezea muda aliyejifungua njiti. Peleka karatasi ya hospitali inayoonyesha wiki za mimba.

Kangaruu inaendelea mpaka mtoto mwenyewe aikatae. Karibu na kilo 2.5 ataanza kujinyonga, kusukuma kwa miguu, kutoa mikono nje ya kanga na kulia kila akifungwa. Punguzeni taratibu: kwanza mchana wa joto, halafu jioni, usiku mwisho. Akipoteza joto au uzito ukisimama, mrudisheni.

Vitamini, madini ya chuma na chanjo vitafuata ratiba ya kliniki. Kwa aliyezaliwa chini ya kilo 1.5 au kabla ya wiki 32, hasa aliyepewa oksijeni, ombeni macho yapimwe na daktari wa macho kama wiki ya nne baada ya kuzaliwa. Mishipa ya nyuma ya jicho inaweza kuota vibaya bila dalili yoyote ya nje, na ikionekana mapema inatibika. Andikeni tarehe hiyo kwenye daftari leo, kwa sababu kliniki nyingi hazitawakumbusha.